Bustani ya Raha ya Baadaye

Jioni hii nataka twende pamoja, kwa maneno, mpaka nchi ya Japani, tukatembee katika bustani moja ya kale iliyo katika mji wa Okayama. Jina lake ni Korakuen, na maana yake ni Bustani ya Raha ya Baadaye. Kwa nini raha ya baadaye? Neno hilo nitalieleza kabla sijawaaga, kwani ndilo kiini cha mazungumzo yangu.

Kwanza na tujue jinsi bustani hii ilivyopata kuwako. Zamani Japani iligawanyika katika majimbo mengi, na kila jimbo lilikuwa na mtawala wake aitwaye daimyo. Katika mwaka 1687 daimyo wa Okayama, jina lake Ikeda Tsunamasa, alimwamuru mtumishi wake Tsuda Nagatada amtengenezee bustani ng'ambo ya mto Asahi, kuielekea ngome yake. Kazi ilikwisha mwaka 1700. Huyu Tsuda hakuwa mtu wa mapambo tu. Alijenga kuta za kuzuia bahari ili watu wapate ardhi mpya ya kulima mpunga; tena ndiye aliyesimamia ujenzi wa shule ya Shizutani, iliyoanzishwa mwaka 1670 ili hata watoto wa watu wa kawaida wapate elimu. Shule hiyo ingali imesimama mpaka leo.

Haya, tuingie. Bustani ina ukubwa wa eka 33 hivi, nayo si bustani ya kuketi mahali pamoja na kutazama. Ni bustani ya kutembea. Njia inapinda huku na huku, na kila upindapo unaona jambo ambalo hukuliona hatua chache nyuma: mara uwanja mpana wa majani, mara ziwa lenye visiwa, mara miti ya misonobari iliyokatwa kwa ustadi. Kijito cha maji, chenye urefu wa yadi 700 hivi, kinazunguka kati ya majani na kuviunganisha vyote. Inua macho, nawe utaiona ngome nyeusi juu ya miti ng'ambo ya mto. Watu huiita Ngome ya Kunguru kwa sababu ya weusi wake. Ngome haimo bustanini, walakini waliopanga njia walikusudia uione, kana kwamba wameiazima iwe pambo lao.

Kando ya njia ziko nyumba za chai. Usidhani kuwa ni mikahawa yenye kelele. Ni vijumba vya mbao, na sakafu zake zimetandikwa mikeka minene. Mgeni huvua viatu kabla ya kupanda, kama tufanyavyo sisi mikekani kwetu. Kwa desturi yao ya chai, hupewa kwanza kitu kitamu kidogo, kisha bakuli la chai ya kijani. Majani ya chai hiyo yamesagwa yakawa unga, na unga huo huchanganywa na maji ya moto kwa kutumia kifagio kidogo cha mwanzi mpaka upande povu. Hakuna maziwa wala sukari. Mgeni hulishika bakuli kwa mikono miwili na kunywa polepole, bila haraka ya kuondoka.

Kiko kijumba kimoja kiitwacho Ryuten ambacho hakina kuta chini, na kile kijito kinapita katikati yake. Ndani ya maji yamewekwa mawe sita ya rangi nzuri. Wakati wa joto watu huketi pande mbili za maji na kupumzika. Mbele kidogo kiko kilima chenye futi 20 hivi, ambacho si kazi ya Mungu bali ya mikono ya watu: mwana wa Tsunamasa, aitwaye Tsugumasa, ndiye aliyeamuru kirundikwe. Ukisimama juu yake unaiona bustani yote. Tena limo shamba la chai, na kipande cha shamba la mpunga. Hapo zamani mashamba yalichukua sehemu kubwa zaidi ya bustani hii.

Sasa nirudi kwenye lile jina. Limetokana na mafunzo ya wahenga wa Uchina, wasemao kwamba mtawala mwema hutangulia watu wake katika kusumbuka, naye huwa wa mwisho katika kustarehe. Ni neno zuri. Lakini je, Tsunamasa alingoja zamu yake? Hakungoja. Yeye na wageni wake ndio walioketi katika vijumba vile, na watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu tu. Tena jina lenyewe halikutolewa naye. Lilitolewa mwaka 1871, mwaka ule ule majimbo ya madaimyo yalipofutwa. Mwaka 1884 bustani ikawa mali ya mkoa, na lango likafunguliwa kwa watu wote. Hapo ndipo jina lilipoanza kuwa kweli.

Hata baada ya hapo bustani iliona misiba. Mwaka 1934 mto ulifurika, maji yakaifunika. Tarehe 29 Juni 1945, wakati wa vita, ndege ziliuangushia mji mabomu ya moto. Ngome iliteketea, na nyumba kubwa ya bustani ikateketea pia. Kijumba cha Ryuten kilisalimika. Lakini watu hawakukata tamaa, kwa maana walikuwa na michoro iliyofanywa tangu enzi za madaimyo, ikionyesha kila kitu mahali pake. Wakaifuata. Nyumba kubwa ilijengwa tena mwaka 1960, na ngome mwaka 1966. Hata korongo waliofugwa humo, waliokuwa wametoweka wakati wa vita, walipata warithi: mwaka 1956 ililetwa jozi kutoka Uchina, zawadi ya msomi Guo Moruo, aliyesoma Okayama katika ujana wake.

Basi, wasikilizaji, fikirini jambo hili. Mtawala mmoja alitengeneza kitu kizuri kwa ajili yake mwenyewe. Kilipoharibika, hakuwako tena daimyo wa kutoa amri kijengwe. Waliokijenga ni watu wenyewe, kwa kuwa kilikwisha kuwa chao, na kwa kuwa kuna mtu wa zamani aliyekumbuka kuandika jinsi kilivyokuwa. Ninyi vijana mlio shuleni, mkiona kwenu msikiti wa kale, kisima, au mti ambao wazee hukutana chini yake, uchoreni, mwandike habari zake. Siku moja karatasi hiyo itahitajiwa.