Mila Zilizoandikwa Bomani: Utawala wa Waingereza na Utamaduni wa Taifa Tanganyika



Waingereza husomewa mashtaka mawili kila utamaduni wetu unapojadiliwa: kwamba walizikandamiza mila zetu, na kwamba walitupandikizia zao. Yote mawili yana ukweli. Kwa Tanganyika, hata hivyo, naona kuna shtaka la tatu ambalo ni zito zaidi. Waingereza walizithamini mila kwa namna yao: walizigawa kabila kwa kabila, wakaziandika, wakazipiga muhuri. Sisi tukazipokea zikiwa na muhuri huo, tukaziita urithi wa mababu.

Wajerumani walitawala kwa maliwali, maakida na majumbe, na wengi wa maakida walikuwa watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika. Waingereza walipokabidhiwa nchi na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliuona utaratibu huo kuwa umevunja asili ya Mwafrika. Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, alikuwa ametoka Nigeria, alikofanya kazi chini ya Gavana Lugard, na alikuja na imani kwamba kila Mwafrika ana kabila lake na kila kabila lina chifu wake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikajengwa juu ya imani hiyo. Mabwana Shauri, yaani maafisa wa kikoloni wa bomani, wakatumwa wilayani kuchunguza nasaba ili wajue nani chifu halali. Pale ambapo hapakuwa na chifu, alitafutwa mtu akapewa kiti. Wenyeji nao hawakuwa wajinga. Aliyejua kuusimulia ukoo wake vizuri mbele ya Bwana Shauri alitoka pale na cheo, na pengine mshahara. Mwanahistoria John Iliffe amelieleza jambo hili vyema: Waingereza waliamini kwamba Watanganyika ni watu wa makabila, na Watanganyika wakayajenga makabila ili wapate nafasi ndani ya mfumo huo.

Tazameni Uchaggani. Kilimanjaro ilikuwa na wamangi, yaani machifu, wengi, kila mmoja na eneo lake, wakipigana na kupatana kwa zamu. Mwaka 1952 Thomas Marealle akasimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, na ikawapo hata Sikukuu ya Wachagga. Cheo kilikuwa kipya, ila kilivikwa joho la ukale. Mwaka 1960 Wachagga wenyewe walipiga kura kukiondoa.

Mfano wa Uhehe unasema zaidi. Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, Kalenga ikaanguka 1894, na mwaka 1898 akajiua kwa risasi ili asikamatwe. Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Halikupatikana kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, akachagua moja kati ya mengi kwa kupima vipimo na kuvilinganisha na vya jamaa za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga, mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa shujaa huyo. Dola iliyokuwa ikitawala nchi kwa nguvu ilikuwa inamwenzi mtu aliyekataa kutawaliwa! Waliweza kufanya hivyo bila woga kwa sababu katika hesabu zao Mkwawa alikuwa wa Wahehe tu. Haikupita hata mwezi mmoja chama cha TANU kikazaliwa, tarehe 7 Julai, na baadaye taifa zima likamfanya Mkwawa kuwa wake. Adam Sapi mwenyewe alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Lakini fuvu ni ishara. Sheria ndiyo inayogusa shamba na nyumba, na hapo naomba tukae kidogo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mwanasosholojia wake, Hans Cory, mzaliwa wa Austria. Yeye na Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945, na mwaka 1953 kikafuata cha Wasukuma. Alikuwa mchapakazi, sina shaka na hilo. Ila vyanzo vyake vikuu vilikuwa machifu na wazee wao, yaani watu wale wale ambao utawala ulikuwa umewapa mamlaka. Mila ambayo kabla ya hapo ilijadiliwa barazani, ikalegezwa kwa mjane huyu na kukazwa kwa yule kulingana na hali, ikageuka kifungu chenye namba.

Uhuru ulipofika, Mwalimu Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki na mhitimu wa Tabora, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962. Mwaka uliofuata machifu waliondolewa mamlaka yao. Mwaka huo huo wa 1963, Tangazo la Serikali namba 436 likaweka sheria za mila za urithi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ndani yake binti anawekwa daraja la tatu la warithi, nyuma ya ndugu zake wa kiume, na mjane hana fungu akiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Chifu alitoka mlangoni, kitabu kilichoandikwa kwa maneno yake kikaingia dirishani.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake. Alisema mila inayomzuia mwanamke kuuza huku ikimruhusu mwanamume inapingana na Katiba. Hata hivyo, mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake bado ilikuwa inaikosoa Tanzania kwa sababu ya wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi kwa kanuni zile zile za 1963.

Kiswahili kimepita njia inayofanana na hiyo, japo matunda yake ni tofauti. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ilikuwa ya Wazungu watupu kwa miaka mingi. Wenye Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ushairi wake wa karne nyingi walikuwa na haki ya kununa. Mwishowe lugha hiyo iliyopangwa ofisini ndiyo iliyovunja kuta za makabila yaliyopangwa ofisini.

Nasi tuliendelea na kazi ya kupanga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU waliandama sketi fupi na mawigi kwa jina la utamaduni wa taifa, wakati ule ule serikali ikiwalazimisha Wamasai kuacha lubega na kuvaa suruali. Sketi ilikosa kwa kuwa ya Kizungu, na lubega ikakosa kwa kutokuwa ya Kizungu. Kipimo cha heshima kilikuwa kile kile cha bomani.

Miongoni mwetu hapa wamo maafisa utamaduni wa wilaya, wanaotakiwa kukusanya mila na desturi za maeneo yao. Nawaomba jambo moja. Mnapoandika kwamba kabila fulani lina mila fulani, andikeni pia nani alisema, lini, na nani alipinga. Waulizeni wanawake wakiwa peke yao, na vijana wakiwa peke yao. Majibu yakigongana, yaacheni yagongane kwenye karatasi, wala msiyasawazishe ili taarifa ipendeze. Cory alisawazisha, na wapo wajane wanaolipia usawazishaji huo hadi leo.