Msitu Uliosimama juu ya Mchanga Mtupu



Urefu wa miti si ushahidi wa rutuba. Kando ya mto Rio Negro, huko Brazili na Venezuela, ipo misitu iliyoota juu ya mchanga mweupe kama chumvi. Mvua ikinyesha huzama mara moja, kwani hakuna mfinyanzi wa kuizuia. Wakati wa mvua nyingi maji ya chini ya ardhi hupanda karibu na uso wa nchi, kisha hujipenyeza kuelekea vijitoni, yakichukua asidi za majani yaliyooza. Ndiyo sababu mto ule una rangi ya chai kavu; na jina lenyewe maana yake ni Mto Mweusi.

Basi miti hiyo hula nini? Hujila yenyewe. Mizizi mingi imefumana juu juu kama mkeka, na kwa msaada wa kuvu hunyakua chakula cha majani yanayooza kabla maji hayajakichukua. Katika miaka ya 1970, huko San Carlos, Venezuela, wataalamu walinyunyizia mkeka wa namna hiyo kalisi na fosforasi zenye mnururisho. Kilichoponyoka ni kama sehemu moja tu katika elfu.

Mkeka huo ukichomwa, majivu huteremka na mvua mchangani, hata mtoni.