Kujaribu Seva kwa Siku ya Kweli ya Ituri

Mhadhara wa umma, Bunia



Tarehe 25 Juni 2020 ulitangazwa mwisho wa mlipuko wa kumi wa Ebola katika nchi yetu. Mlipuko huo ulikuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Kivu Kaskazini, ukavuka hadi kwetu Ituri: Mandima, Mambasa, Komanda, hatimaye Bunia hapa. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki. Pamoja na hesabu hiyo ya msiba, Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya kazi: watu 250,000 waliokutana na wagonjwa waliandikishwa, sampuli 220,000 zilipimwa, na watu zaidi ya 303,000 walichanjwa.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na namba ninayotaka tuishike leo ni hiyo 250,000. Mtu aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Kila siku mfuatiliaji anapita nyumbani kwake, anapima joto, anauliza hali, anaandika. Tufanye zoezi. Tuseme kila ziara ingeandikwa kwenye simu na kutumwa kwenye seva moja. Watu 250,000 kwa siku 21 ni ziara 5,250,000. Mlipuko ulidumu siku 694, kwa hiyo ni ziara kama 7,565 kwa siku. Tukizigawa kwa sekunde za siku nzima, unafika ujumbe mmoja kila baada ya sekunde 11. Kompyuta ya mwanafunzi yeyote aliyeketi humu ndani inaweza kubeba mzigo huo bila kupata joto.

Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na atakayejenga mfumo kwa kuitegemea atawaangusha wafuatiliaji wiki ya kwanza.

Mfuatiliaji hatumi ujumbe kila baada ya sekunde 11. Anatoka asubuhi, anatembea mtaa kwa mtaa au kijiji kwa kijiji, mahali pengi mtandao haupo, na jioni anarudi mahali penye mnara. Simu yake inashika mtandao na kutuma kazi yote ya siku kwa mara moja. Wenzake wanafanya hivyo hivyo, karibu saa ile ile. Tuseme nusu ya ripoti za siku zinaingia ndani ya robo saa ya jioni: hapo ni zaidi ya nne kila sekunde, mara 48 ya wastani wetu. Sasa tuseme mtandao umekatika siku tatu, kisha umerudi, na ripoti zote zilizolala kwenye simu zinakimbilia seva ndani ya dakika tano. Ni zaidi ya 75 kila sekunde, mara 864 ya wastani. Idadi ya watu ni ile ile, kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo la siku, na umbo hilo ndilo nililokuja kulizungumzia.

Kwa wasio wa fani hii, API ni sehemu ya programu inayopokea maombi kutoka kwa programu nyingine. Mwenye kabini, kile kibanda cha pesa kwa simu, anapouliza salio, muuguzi anapotuma ripoti ya mwezi, mwanafunzi anapotafuta matokeo yake, simu zao zinagonga API fulani mahali fulani. Jaribio la mzigo ni kuandika programu inayojifanya watu wengi, kuipeleka kwenye API hiyo kabla watu wenyewe hawajafika, na kupima: inajibu kwa muda gani, inaanza kukataa wapi, inaanguka vipi, na ikianguka inainuka vipi. Vyombo vya kazi hii havina bei. JMeter, Locust na k6 vyote hupakuliwa bure. Kigumu ni swali linalotangulia chombo: hao watu wa kuigizwa, siku yao ikoje?

Mara nyingi swali hilo halijibiwi. Mpimaji anaweka watumiaji mia moja wa bandia, wanatuma maombi kwa mwendo ule ule kwa dakika kumi, mchoro unatoka umenyooka, ripoti inaandikwa kwamba mfumo uko tayari. Umejaribiwa kwa ajili ya mji ambao haupo popote duniani, na hasa si Bunia.

Fani yetu ilianza na hesabu nzuri, na inafaa tujue imesimama juu ya nini. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wengi bila mpango hufuata kanuni ya Poisson. Mwaka 1917 akatoa fomyula ya kukadiria ni wangapi watakosa laini, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Sharti la hesabu zake ni kwamba kila anayepiga anapiga kwa sababu zake mwenyewe, bila habari za mwingine.

Ituri sharti hilo linavunjika kila siku. Umeme ukirudi mtaani, simu mia zinawashwa dakika moja. Mtandao ukirudi Mahagi, wote waliokuwa wakingoja wanaingia pamoja. Mshahara wa walimu ukitoka, kabini zinajaa asubuhi ile ile. Shirika la misaada likigawa pesa kwa simu kwenye kambi ya waliohamishwa na vita, familia zote zinapokea ujumbe kwa wakati mmoja, na zote zinataka kutoa fedha taslimu kabla ya giza. Hawa hawajuani, lakini wamefungwa kamba moja, na anayeigiza mwendo wao kwa bahati nasibu ya Erlang atapata mchoro laini kuliko maisha yenyewe.

Wahandisi wengi wanakosea mahali pengine pia, na kosa hili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, Bianca Schroeder, Adam Wierman na Mor Harchol-Balter, walitofautisha aina mbili za majaribio. Katika aina ya kwanza idadi ya watumiaji imefungwa: kila mmoja anatuma ombi, anangoja jibu, ndipo anatuma jingine. Katika aina ya pili watumiaji wapya wanaendelea kufika, seva iwe nyepesi au nzito. Tazameni kinachotokea seva inapochoka. Katika aina ya kwanza, watumiaji wa bandia wanangoja kwa adabu, maombi yanapungua, seva inapata nafasi ya kupumua. Jaribio linaihurumia seva kwa wakati ule ule ambao lilitakiwa kuibana. Katika aina ya pili foleni inarefuka bila huruma.

Mama aliyesimama kwenye kabini siku ya mgao yuko katika aina ya pili. Amefika kwa sababu pesa zimetoka, haulizi kama seva imechoka. Tena kuna jambo la tatu: jibu likichelewa, mwenye kabini anabonyeza tena. Akibonyeza mara tatu, mtu mmoja amekuwa maombi matatu, na yanakuja wakati seva inazidiwa. Jaribio lisilo na mkono wa kubonyeza tena halijaigiza binadamu. Hapo ndipo utagundua pia kama mfumo wako unatambua kwamba maombi yale matatu ni muamala mmoja, au utamkata mama yule franka zake mara tatu.

Niseme sasa juu ya ulegevu wa mtandao, maana hapa ndipo watu wetu wa mbali wanaumizwa bila mtu kukusudia. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya maombi yaliyo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni sawa na kasi ya kufika kwake ikizidishwa na muda ambao kila moja linakaa ndani. Mpimaji ameketi kwenye mtandao wa kasi, ombi lake linaingia na kutoka kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Maombi kumi kila sekunde yanamaanisha mawili tu ndani ya mfumo. Muuguzi aliye mbali na mnara anatuma ripoti ile ile kwa sekunde 40, inapanda kidogo, inasita, inapanda tena. Maombi kumi kila sekunde ya watu kama yeye yanamaanisha 400 ndani ya mfumo, na kila moja limeshika muunganisho wake. Kama seva iliwekewa nafasi 200, imejaa, ingawa kichakataji chake hakifanyi kazi yoyote ya maana. Wanaokatwa kwanza ni hao hao wenye mtandao mlegevu, kwa kuwa muda wao wa kungoja unaisha kabla ripoti haijafika. Wanaanza upya tangu mwanzo, wanalipa tena bei ya intaneti, na mwishoni eneo lao linaonekana kwenye ramani kana kwamba halikutuma ripoti. Ituri ina zone za afya 36. Sitaki mtu aliye Kinshasa aseme kwamba wauguzi wa zone fulani ni wazembe, kumbe seva ilijaribiwa na mtu ambaye hakuwahi kungoja sekunde 40.

Njia ya kuigiza hali hii ipo. Linux ina netem, ambayo huchelewesha vifurushi vya data na kuvipoteza kwa kiasi unachotaka. Mwanafunzi anaweza kuketi hapa na kuipa kompyuta yake mtandao wa kijiji cha Djugu.

Lakini hata ukijua kasi na saa, bado hujui watu watafanya nini. Oktoba 2005, kule Thika na Nairobi, Safaricom na Vodafone pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya walianza majaribio ya M-Pesa na wateja wasiofika 500. Mfumo uliandaliwa kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo, kazi yenye siku zake zinazojulikana. Watu wakafanya yao. Walitumiana pesa, waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wafanyabiashara waliitumia kulaza mauzo ya siku mahali salama. Huduma ilipofunguliwa Machi 2007 ilitangazwa kwa kazi ambayo watumiaji ndio waliionyesha. Ilipofika kwetu Kongo mwaka 2012 ilikuwa tayari na sura hiyo.

Marekani walijifunza kwa aibu zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2013 ilipofunguliwa HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya, walitazamiwa watu 50,000 hadi 60,000 kwa pamoja, wakafika 250,000. Siku ya kwanza waliokamilisha kujiandikisha walikuwa sita. Wingi haukuwa sababu pekee. Mtu hakuweza kutazama bei mpaka afungue akaunti, kwa hiyo wote, hata waliokuja kuchungulia tu, walisukumwa kwenye kazi iliyo nzito kuliko zote. Jaribio zuri halihesabu maombi tu, linafuata njia: wangapi wanaangalia salio, wangapi wanatuma, wangapi wanaishia katikati. Na kwa mfumo wa taifa letu kuna jambo dogo linalosahaulika: Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa. Asubuhi ya Kongo hupanda kwa ngazi mbili, na matengenezo yatakayomalizwa saa moja na nusu asubuhi kule yanatukuta sisi saa mbili na nusu, kazini.

Turudi kwenye zile ripoti 75 kila sekunde. Ukishaigiza kurudi kwa mtandao na kuona seva inaanguka, tiba si lazima iwe seva kubwa. Kila simu ikiagizwa kungoja muda wa bahati nasibu usiozidi dakika 20 kabla ya kutuma, ripoti zile zile zinashuka hadi kama 19 kila sekunde, na hakuna aliyetumia pesa. Ila tahadhari ya mgonjwa mpya, au ya kifo cha mashaka, isingoje hata sekunde moja. Iwe na njia yake, na jaribio lithibitishe kwamba inapita hata foleni ya ripoti za kawaida ikiwa imefurika. Katika mlipuko, ombi hilo moja lina thamani kuliko yale maelfu, na wastani hauwezi kulionyesha.

Ninachoomba kwa ajili ya kazi hii ni maumbo ya siku zetu wenyewe. Tunataka wanafunzi waandike mienendo ya Ituri kama programu za Locust, wakianza na ile ya kurudi kwa mtandao, halafu siku ya mgao, halafu siku za mwanzo wa mwezi zone za afya zinapofunga ripoti. Ziwekwe wazi ili yeyote anayejenga mfumo wa kutumika hapa azichukue. Kwa hilo tunahitaji saa za kufika kwa maombi: safu moja ya saa, bila jina, bila namba ya simu, bila ujumbe wenyewe. Hata jina la kijiji tusipewe. Katika jimbo ambalo watu wanakimbia usiku, simu za kijiji zikinyamaza zinamweleza adui kwamba wenyeji wameondoka, na zikilia mahali papya zinamweleza walikokwenda. Kwa hiyo tutajumlisha kwa teritwari, Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, na kuchapisha baada ya miezi kupita. Majaribio yatafanyika kwenye nakala za mifumo zenye majina ya kubuni, kamwe si kwenye seva ambayo mgonjwa au mwenye kabini anaitegemea siku hiyo.

Atakayekuwa tayari kutoa safu hiyo ya saa, awe wa zone ya afya, wa benki, wa kampuni ya simu au wa shirika la misaada, wanafunzi wetu wamekaa mezani karibu na mlango wa kutokea. Wataeleza namna ya kufuta majina kabla data haijatoka ofisini kwake, na kazi hiyo ya kufuta wataifanya pale pale, mbele ya macho yake.