Tulibadilika, Yeye Hakubadilika
(Maneno ya Katibu wa Kwaya siku ya Jubilei)

 

Mwenyekiti aliniomba niseme machache, na kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza daftari la mahudhurio, nitaanzia hapo. Nilipokuwa nikiandaa majina ya kijitabu hiki nilifungua daftari letu la kwanza. Majina mengi ya ukurasa ule hamtayasikia yakiitwa leo. Wengine waliolewa Kitui. Wengine wako Nairobi na Mombasa wakitafuta riziki. Wengine tuliwazika tukiwaimbia. Na tuseme ukweli, kwa kuwa tuko nyumbani: wachache waliondoka wakiwa wametukasirikia, na hatukuwafuata.

Basi nikajiuliza, tunasherehekea nini? Kwaya ile ya kwanza haipo.

Mtakumbuka Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona. Julai yalipofunguliwa, masharti yalikuwa watu wasizidi 100, ibada iwe ya saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Kwetu maana yake ni kwamba karibu besi yote ilibaki nyumbani! Jumapili ya kwanza mzee wetu mmoja wa besi alinipigia simu, akaniomba niiweke kwenye benchi bila kuikata. Tukaimba tukiwa wachache, tumevaa barakoa, na wimbo ulikuwa mwembamba kweli. Baadaye mkewe aliniambia kwamba mzee aliimba sehemu yake yote chini ya mwembe, peke yake, mpaka salio likaisha.

Mzee huyo hatunaye leo. Lakini Mungu aliyetusikia sisi ndani ya kanisa ndiye aliyemsikia yeye pale nyumbani. Kwake kwaya haikuwa imegawanyika.

Hata walioleta Injili huku kwetu hawakudumu. Peter Cameron Scott na wenzake walifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission pale Nzaui, hapa Makueni, Desemba 1895. Desemba 1896 Scott alikuwa amekufa kwa homa, hajafika miaka 30. Wenzake kadhaa nao walikufa au wakarudi kwao. Mtu aliyepita Nzaui miaka ile angesema kazi imekwisha. Leo mnajua wenyewe ni makanisa mangapi ya AIC tunayapita kabla ya kufika Wote.

Somo letu la leo ni Malaki 3, aya ya 6 na ya 7. Mara nyingi tunaishia kwenye ile ya 6, Mungu anaposema kwamba yeye habadiliki. Naomba mwisome pamoja na inayofuata. Maneno hayo hakuwaambia watu waliosimama imara. Aliwaambia watu waliomwacha tangu siku za baba zao, na anasema kutobadilika kwake ndiko kulikofanya wasiangamizwe. Halafu anawaita warudi. Hiyo ndiyo faraja ninayoiona katika daftari lile. Sisi hatukuweza kulinda majina yote. Tuligombana, tukahama, tukazeeka, sauti zikashuka. Yeye hakumwacha hata mmoja wa wale walio Mombasa, wala wale waliotukasirikia.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba baada ya sherehe hii tutawatembelea hao wachache, wawili wawili, bila barua. Mimi nimejiandikisha kwa nyumba moja ng'ambo ya mto, na nakiri naogopa kidogo. Mazoezi yanaendelea Jumamosi saa tisa kama kawaida. Daftari jipya liko kwenye meza karibu na mlango.