Mkono Usiofundishwa Usishike Foklifti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mtwara)



Tumeombwa kunena juu ya foklifti, ile mashine yenye vyuma viwili mbele mfano wa uma, ichukuayo magunia ya korosho ghalani na gatini. Huenda mtu akauliza, karani ana nini na mashine? Jibu letu ni kwamba kalamu ya karani ndiyo iandikayo nani aendeshe leo. Kwa hiyo ajali nyingine huanzia mezani petu.

Bandari yetu yenyewe yatukumbusha habari ya haraka. Ilianzwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Huko Kongwa matrekta mengi yaliharibika upesi, na sababu mojawapo ni kwamba madereva walikabidhiwa kabla ya kufundishwa vya kutosha. Hawakuwa wajinga, walinyimwa muda wa kujifunza.

Basi ajifunze nini mwenye kushika foklifti? Kwanza, usukani. Gari hugeuka kwa magurudumu ya mbele, bali foklifti hugeuka kwa ya nyuma. Ni kama mashua za Msimbati na mlango wa Ruvuma: usukani u tezini, na omo ikielekea kulia, tezi hutupwa kushoto. Katika ghala moja tuliona nyuma ya mashine ikiangusha rundo la magunia, mahali alipokuwa amesimama karani wa hesabu dakika moja tu kabla. Kijana yule alikuwa na leseni ya lori, lakini foklifti aliipanda asubuhi ile kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwenye kazi aliugua na meli ilikuwa ikingoja. Nani aliyemwandika? Mmoja wetu.

Pili, uzito. Mashine hii ni kama mzega. Magurudumu ya mbele ndiyo bega. Shehena iko upande mmoja, na chuma kizito cha nyuma upande wa pili. Kibao chake hutaja uzito na umbali pamoja. Ikiandikwa tani 3 kwa sentimita 50 kutoka shina la uma, magunia 37 ya kilo 80 yatafaa. Lakini shehena ile ile ikisogezwa kwenye ncha za uma, mzega utaelemea mbele.

Tatu, nyenzo. Mmoja huinua na kushusha uma, mwingine hulaza mlingoti mbele au nyuma; wala mpangilio wake si mmoja kwa mashine zote. Kwa hiyo mwanafunzi azijaribu kwanza bila shehena, mahali peupe. Akienda, uma uwe chini, kama sentimita 15 kutoka sakafuni, na mlingoti ulazwe nyuma kidogo. Shehena ikimziba macho, aende kinyumenyume. Penye mwinuko, shehena ielekee juu daima. Na mashine ikipinduka, asiruke! Abaki kitini na mkanda wake, ashike usukani kwa nguvu, ainamie upande usioanguka. Kwa maana arukaye huweza kulaliwa na mashine yenyewe.

Ndugu zetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awafundishe watu wake. Lakini sheria haina mkono wa kumzuia kijana asipande, sisi tunao. Twaomba basi tukubaliane mambo matatu: tusiandike jina la mtu asiye na cheti cha mashine hiyo, tusiruhusu mtu kubebwa juu ya uma, na sisi wenyewe tukihesabu magunia, tusimame nje ya njia ya mashine.

Meli ikichelewa, gharama yake huandikwa daftarini na kulipwa. Mtu akipondwa, hakuna safu ya daftari itakayomrudisha kwa watoto wake.