Barua ya Kuachishwa Kazi: Hesabu Kwanza, Sahihi Baadaye



Vijana wenzangu wa Majengo, Eastleigh, Kariobangi na Kayole, wengi wetu tumesomeshwa na mishahara ya Industrial Area. Kwa hivyo hii story inatuhusu.

Mwaka 2014 Cadbury ilifunga kiwanda chake hapo Industrial Area, na watu karibu 300 wakapoteza kazi. Mwaka huo huo Eveready ikafunga kiwanda cha betri Nakuru. 2019, kampuni ya saruji ya East African Portland, Athi River, ikawaambia wafanyakazi wake wote kwamba nafasi zao zimeondolewa. Maneno huwa ni yale yale: kampuni inajipanga upya.

Sawa, ijipange. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini kuacha haki yako mezani ukisema ni kadari, hiyo si tawakkul. Mtume wetu (SAW) alifundisha mfanyakazi alipwe jasho likiwa bado bichi.

Sasa shikeni haya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka chama cha wafanyakazi na afisa wa leba waarifiwe mwezi mmoja kabla. Kama huna chama, uandikiwe wewe binafsi, na afisa wa leba pia aarifiwe. Anayetolewa achaguliwe kwa kuangalia miaka yake kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wake, si kwa sura wala kabila. Likizo ambayo hukuchukua ilipwe pesa. Upewe notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi. Juu ya hayo, fidia isiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza.

Tupige hesabu. Mshahara ni 24,000, umefanya miaka 8. Siku 15 ni kama 12,000. Mara 8 ni 96,000, kabla ya notisi na likizo.

Na kibarua je? Akifanya kazi mfululizo hadi siku zifike mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi.

Kwa hivyo ukiletewa karatasi inayosema umelipwa yote na huna madai, usitie sahihi hapo hapo. Omba nakala, hesabu, nenda kwa afisa wa leba. Mahakama ya ajira iko wazi kwako, lakini kwa miaka 3 pekee.

Leo ukifika nyumbani, muulize mzazi wako: barua ya kuajiriwa iko wapi? Payslip je? Piga picha, weka. Dhulma hupenda mtu asiye na karatasi.

Wabillahi tawfiq.