BUNDUKI YA KIVITA NA PACHA WAKE WA KIRAIA



Aghalabu zinapotangazwa habari za Marekani, husikika kwamba raia fulani amekamatwa na bunduki ya kijeshi, na picha inayoonyeshwa ni ya bunduki nyeusi aina ya AR-15. Ifahamike kwamba herufi hizo hazina maana ya vita. Zimetokana na jina la ArmaLite, kampuni iliyoibuni bunduki hiyo miaka ya 1950 na kuiuzia haki zake kampuni ya Colt mwaka 1959. Jeshi likapata M16. Raia wakaanza kuuziwa pacha wake mwaka 1964.

Kwa macho, mtutu na kitako havitoshi kuzipambanua. Tofauti imo katika mtambo. Ya raia hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Ya jeshi huweza kumimina mfululizo maadamu kidole hakijaachia, au, kwa M16A2, risasi tatu kwa mvuto mmoja. Cha kutazamwa kwanza ni kishikizo kidogo cha kugeuza, kilicho ubavu wa kushoto. Cha kiraia kina vituo viwili, cha usalama na cha kufyatua. Cha kijeshi kina vitatu, na hicho cha tatu huandikwa AUTO au BURST. Hata hivyo maandishi si hoja ya mwisho, kwani wapo watengenezaji wanaochora AUTO kwa pambo tu.

Watunga sheria nao walitegemea sura. Sheria ya shirikisho iliyodumu tangu 1994 hadi 2004 ilihesabu vitu vya nje, kama mahali pa kufungia singe. Viwanda vikaviondoa, na biashara ikaendelea.

Mwaka huo huo wa 1994 shauri la Staples, lililoanzia Oklahoma, lilifika Mahakama ya Juu. AR-15 iliyokutwa nyumbani kwa mshitakiwa ilikuwa na baadhi ya vipuri vya M16, na wakaguzi walipoijaribu ilitoa mfululizo. Mwenyewe alieleza kwamba mikononi mwake haikupata kufanya hivyo. Hata risasi moja moja zilitoka kwa kusuasua. Kosa hilo lilikuwa na kifungo cha hadi miaka 10. Majaji saba kwa wawili waliamua kuwa haitoshi kuthibitisha kwamba alikuwa nayo. Yapasa ithibitishwe kuwa aliijua tabia yake. Hukumu ya awali ikatenguliwa, na shauri likarejeshwa mahakama ya chini.